Kufuatilia dhoruba changa ya Bahari ya Hindi kwa picha za setilaiti ukiwa Uganda

Uganda haina pwani, nayo ikweta inapita ndani ya nchi, kwa hiyo hatutarajii kimbunga kitue Kampala au Mbarara kikiwa na umbo lake. Ndani ya digrii 5 hivi kutoka ikweta, nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ni ndogo mno kuweza kuizungusha dhoruba. Pamoja na hayo, mtu anayengoja shehena kutoka Mombasa kupitia Malaba, au kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, ana kila sababu ya kujua kinachoendelea kaskazini mwa Madagaska, na mkulima anayepanga siku ya kupanda mahindi ana sababu nyingine, nitakayoieleza mwishoni.

Mwongozo huu unahusu dhoruba ikiwa bado changa au dhaifu, kwa sababu huko ndiko kwenye ugumu. Kimbunga kikubwa chenye jicho hakihitaji ujuzi wowote kukiona, kwani hata mtoto wa darasa la tatu atakuwekea kidole mahali pake. Dhoruba dhaifu haina jicho, mawingu yake yanaota na kunyauka kila baada ya saa chache, na kitovu chake mara nyingi hakiko pale macho yanapovutwa.

Vifaa na saa

Simu yenye skrini nzuri inatosha kuanzia, ingawa kompyuta hupunguza makosa. Setilaiti ya kutegemea ni Meteosat-9 ya EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, ambayo tangu 2022 imesimama juu ya ikweta kwenye longitudo 45.5 mashariki na hutuma picha mpya kila baada ya dakika 15. Setilaiti ya Meteosat iliyoko longitudo 0 nayo huiona sehemu hii ya bahari, lakini kwa pembe ya ubavuni, na hapo ndipo wengi wanapopotea bila kujua. Wingu refu la kilomita 15 lililoko digrii 10 kusini na digrii 50 mashariki huonekana limesogea kilomita 24 hivi kutoka mahali pake halisi likitazamwa kutoka longitudo 0, wakati Meteosat-9 hulisogeza kilomita 3 tu. Ukichanganya picha za setilaiti hizo mbili katika mfululizo mmoja, utaipa dhoruba mwendo ambao haikuwa nao.

Picha hizo hupatikana bila malipo kwenye ukurasa wa EUMETView, na pia kwenye SLIDER, ambao huendeshwa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani. Mimi huupenda zaidi huu wa pili kwa sababu unakuruhusu kuchagua idadi ya picha na kuzichezesha mbele na nyuma. Mwenye bando dogo apakue picha 12 za eneo dogo badala ya 60 za bahari nzima, kwani saa 3 za mwendo zinatosha kuona mzunguko. Kisha uwe na daftari la hesabu la miraba, lile la shule. Kila mraba uwe nusu digrii, andika latitudo pembeni na longitudo chini, na usibadilishe kipimo hicho mpaka dhoruba iishe.

Saa za picha huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato ambayo wenzetu wanaosoma saa kwa Kiingereza hawana: atoe 3 tu. UTC 06 ni saa 3 asubuhi, UTC 12 ni saa 9 alasiri, na UTC 18 ukitoa 3 unapata 15, ambayo ni saa 3 ya usiku. UTC 00 ihesabu kama 24 upate 21, nayo ni saa 9 za usiku.

Kitovu kwanza

Kabla ya kusema dhoruba inakwenda wapi au inapata nguvu kiasi gani, ni lazima ujue kitovu kiko wapi, na kitovu hukaa kwenye upepo wa chini, si kwenye wingu jeupe lililotanda juu. Maneno haya ni mepesi kuyasema, lakini kuyafuata kunahitaji nidhamu, kwa sababu jicho la binadamu hupenda kitu king'avu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikesha nikiifuatilia dhoruba moja kaskazini mashariki mwa Madagaska. Nilikuwa na picha za joto tu, na kila saa nilitia alama katikati ya wingu kubwa la baridi kana kwamba nimeona kitu chini yake. Kulipokucha nilimwambia mteja aliyekuwa na makontena njiani kwamba dhoruba inaikimbilia pwani kwa kilomita 35 kwa saa. Dakika chache baadaye zikaja picha za kwanza za mwanga wa jua, nikauona mzunguko wa mawingu madogo ya chini ukiwa wazi kabisa, hauna hata wingu la mvua juu yake, kilomita 150 mashariki ya alama yangu ya mwisho. Wingu nililolifuata usiku kucha lilikuwa limesukumwa na upepo wa juu, na dhoruba yenyewe haikuwa imesogea hata nusu ya umbali nilioutangaza. Mteja alinicheka kwa upole, nami tangu siku hiyo sitii alama ya usiku bila kuandika kando yake neno "nakisia".

Basi anza na picha za mwanga wa jua. Kwenye longitudo 50 jua hutangulia la Kampala kwa dakika 70 hivi, kwa hiyo sisi tukiwa bado tunawasha taa, saa 12 asubuhi, bahari ile tayari ina mwanga. Picha hizo za mapema ni za thamani kuliko za adhuhuri. Jua likiwa chini, kila wingu hutupa kivuli, na tofauti kati ya utando mwembamba wa juu na mawingu ya chini yaliyojipanga kama shanga huonekana waziwazi. Ikifika saa 6 mchana mwanga unapiga wima, na kila kitu kinakuwa cheupe kimoja.

Chezesha picha za saa 2 au 3, kisha jilazimishe kuyaacha mawingu yanayong'aa. Tafuta misururu ya mawingu madogo ya kijivu pembezoni mwa dhoruba, na uone kila msururu unaelekea wapi. Kusini mwa ikweta upepo wa chini wa dhoruba huzunguka kama mshale wa saa. Upande wa kusini mawingu madogo yaende magharibi, upande wa magharibi yapande kaskazini, upande wa kaskazini yarudi mashariki, na upande wa mashariki yashuke kusini. Waliojifunzia kwenye video za vimbunga vya Marekani hukwama hapa, kwa kuwa kule mzunguko ni wa kinyume. Isitoshe, utando wa juu unaotoka kwenye dhoruba yetu huelekea kujipinda kinyume na upepo wa chini, kwa hiyo anayetazama utando huo ataona mzunguko wa kinyume na kudhani setilaiti imekosea.

Ukishaziona pande 3 kati ya hizo 4, kitovu kiko mahali ambapo mawingu madogo hayasogei, au yanajizungusha papo hapo. Upande wa kaskazini ndio mgumu zaidi. Dhoruba nyingi dhaifu za huku hazina upepo wa maana unaorudi mashariki, na ukikosa upande huo baada ya kutafuta kwa saa kadhaa, andika kwamba mzunguko haujafunga. Pengine unachokitazama ni mkunjo tu katika upepo unaotoka mashariki, na mkunjo haustahili kuitwa dhoruba hata ukiwa na mawingu ya kutisha.

Kitu kingine cha kuangalia ni idadi ya vitovu. Dhoruba changa inaweza kuwa na vizunguko 2 au 3 vidogo vinavyozungukana ndani ya mzunguko mkubwa wa polepole. Usichague kimoja kwa sababu kimekupendeza. Tia alama katikati ya mzunguko mkubwa, na uvifuate vidogo kwa kalamu ya rangi nyingine mpaka kimoja kivimeze vingine.

Usiku

Picha za kawaida za joto, zile za mawimbi ya mikromita 10.8, hupima ubaridi wa juu ya wingu, na kwa hiyo hulificha wingu la chini, ambalo joto lake linakaribiana na la bahari. Kuna picha nyingine ya usiku inayotengenezwa kwa kutoa kipimo cha mikromita 10.8 kutoka kile cha mikromita 3.9, na kwenye kurasa nyingi inawekwa pamoja na picha za kutambua ukungu. Hiyo ndiyo ya kutumia, maana mawingu ya chini huonekana ndani yake hata gizani, mradi tu yasifunikwe na ya juu.

Yakifunikwa, kimbilia picha za mikrowevu, ambazo hutoka kwenye setilaiti zinazozunguka dunia kupitia karibu na ncha zake, kama GCOM-W ya Japani. Mikrowevu hupenya utando wa juu na kuonyesha mvua iliyo chini yake. Picha za gigahezi 89 huonyesha minara ya mvua yenye barafu, na zile za gigahezi 37 huonyesha mikanda ya mvua ya chini, ambayo kwa dhoruba dhaifu ndiyo inayosema ukweli. Kasoro yake ni kwamba setilaiti hizi hupita mara chache kwa siku, na huenda ile unayoingoja ikapita pembeni na kukata dhoruba nusu.

Kuhesabu mwendo

Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111. Digrii moja ya longitudo ni ndogo kuliko hapo kadiri unavyoiacha ikweta, lakini kwenye latitudo 10 kusini bado ni kilomita 109, kwa hiyo tofauti hiyo isikuumize kichwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Saa 3 asubuhi kitovu kilikuwa 9.6 kusini na 49.8 mashariki, na saa 9 alasiri kikawa 9.3 kusini na 48.7 mashariki. Kimepanda kaskazini digrii 0.3, ambazo ni kilomita 33, na kimekwenda magharibi digrii 1.1, ambazo ni kilomita 120. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, na utapata kilomita 125 hivi. Gawa kwa saa 6, nao mwendo ni kilomita 21 kwa saa kuelekea magharibi, ukiinama kidogo kaskazini.

Hesabu hiyo ni safi kuliko hali halisi. Kwa dhoruba dhaifu mimi hujiruhusu kosa la nusu digrii katika kila alama, na kosa hilo lina madhara makubwa muda ukiwa mfupi. Nusu digrii ni kilomita 55, na ukilinganisha alama zilizoachana kwa saa 3, kosa pekee linaweza kuipa dhoruba mwendo wa kilomita 18 kwa saa hata kama imesimama. Ukilinganisha alama zilizoachana kwa saa 12, kosa lilelile hushuka hadi kilomita 5 kwa saa. Kwa sababu hiyo tia alama kila baada ya saa 3 ukitaka, lakini mwendo uhesabu kwa saa 12, na usitangaze kwamba dhoruba imegeuka mpaka alama 3 mfululizo zikubaliane.

Iko hali moja ambayo kanuni hiyo haiishughulikii. Dhoruba dhaifu huweza kuacha kitovu chake na kujenga kingine chini ya mvua kubwa iliyo kando. Kwenye daftari utaona kitovu kimeruka digrii 1 au zaidi kwa saa chache. Huo si mwendo, ni kuhama nyumba. Piga mstari, andika saa, na uanze hesabu upya kutoka kitovu kipya badala ya kuunganisha alama za zamani na mpya.

Umbo na mwendo vinahusiana zaidi ya wengi wanavyodhani. Dhoruba dhaifu, yenye mawingu mafupi, husukumwa na upepo wa chini, ule wa kilomita 1.5 hadi 3 kutoka usawa wa bahari, ambao katika maeneo haya kwa kawaida hutoka mashariki. Ikijijenga na kuwa ndefu, huanza kutii pia upepo wa juu, ambao unaweza kuwa unaelekea kusini au hata kurudi mashariki. Kwa hiyo dhoruba ileile, siku ileile, inaweza kuwa na njia mbili tofauti kabisa kutegemea kama itaimarika au itabaki dhaifu, na anayeuliza inakwenda wapi hana budi kwanza kuuliza imejipanga kiasi gani.

Je, inajijenga?

Usijibu swali hili kwa picha moja. Baharini, mawingu ya mvua huongezeka usiku, hufikia kilele kabla ya mapambazuko, na hupungua mchana. Anayeamka alfajiri huona dhoruba kubwa ya kutisha, na anayefungua simu saa 10 jioni huiona imekufa, ilhali haijabadilika. Linganisha alfajiri na alfajiri, jioni na jioni.

Sisi wa Uganda tuna mahali pazuri pa kujizoeza jambo hili. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, hufanya hivyohivyo karibu kila usiku wa msimu wa mvua. Upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za ziwa, hukutana katikati, na baada ya saa 6 usiku mawingu marefu huanza kuchipuka, hadi yakafunika sehemu kubwa ya maji alfajiri, halafu asubuhi yakasambaratika. Fuatilia mawingu hayo kwa wiki moja kwenye picha za joto. Utaona juu yake penye baridi ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, utaona utando ukitanuka kama chapati kikaangoni, na utajifunza kwamba wingu baridi lisilozunguka ni radi tu, hata liwe kubwa kuliko visiwa vyote vya Ssese. Mvuvi wa Kalangala anajua hatari ya radi hiyo na hapaswi kuidharau, lakini kwa somo letu ni mfano wa mvua isiyo na mpangilio.

Dhoruba inayojipanga hutofautiana na mawingu hayo kwa mambo machache. Mvua yake hudumu karibu na kitovu kwa zaidi ya saa 12, hata mchana. Mikanda ya mawingu huanza kujipinda kukizunguka kitovu kama gamba la konokono. Utando wa juu hutoka na kusambaa pande zote, si upande mmoja tu kama moshi wa kuni penye upepo. Kati ya dalili hizo tatu, mimi huamini zaidi ya pili, na chini ya hapo ya kwanza. Ubaridi wa wingu peke yake siuhesabu kama dalili kamwe.

Kujipinda huko hupimwa. Mmarekani Vernon Dvorak alibuni katika miaka ya 1970 mbinu inayoipa dhoruba namba kutoka 1 hadi 8 kwa kutazama umbo la mawingu, na vituo vya hali ya hewa duniani huitumia mpaka leo. Chukua karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, chora juu yake mstari unaojipinda kama konokono, na uiweke juu ya skrini ukiufananisha mstari na mkanda mkuu wa mawingu. Mkanda uliozunguka karibu nusu duara huipa dhoruba namba 2.5, ambayo inalingana na upepo wa noti 35 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa) uliopimwa kwa wastani wa dakika moja. Ukizunguka duara karibu zima, namba inakuwa 3.5, sawa na noti 55. Ukiona umepata namba kubwa kuliko kituo rasmi, sababu mara nyingi ni kwamba umeuhesabu utando mwembamba kama sehemu ya mkanda.

Hali inayojitokeza mara nyingi kwa dhoruba dhaifu, hata hivyo, si mkanda uliojipinda bali kitovu kilichoachwa uchi upande mmoja na mvua yote upande mwingine. Hiyo ni kazi ya tofauti ya upepo kati ya chini na juu. Upepo wa juu, kwenye kimo cha kilomita 12, ukipuliza kwa kasi upande mwingine na ule wa chini, humnyofoa dhoruba kichwa. Pima umbali kati ya kitovu na ukingo wa wingu baridi, na uuandike kila asubuhi. Umbali ukipungua kutoka kilomita 150 hadi 90 hadi 40, dhoruba inaponyoka. Ukiongezeka, inakufa, hata kama wingu lenyewe linazidi kuwa baridi. Taasisi ya CIMSS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin hutoa ramani za tofauti hiyo ya upepo kwa noti. Ikizidi noti 20, sitarajii dhoruba dhaifu ijijenge. Ikiwa chini ya 10, na bahari ina joto la nyuzi 26.5 au zaidi, huwa sizimi simu.

Adui wa pili ni hewa kavu. Itazame kwenye picha za mvuke, za mikromita 6.2 na 7.3, ambamo hewa kavu huonekana kama weusi au rangi ya kahawia inayonyemelea upande wa dhoruba. Weusi ukiwa mbali hauna neno. Ukishaingia ndani, picha za mwanga wa jua zitakuonyesha jambo la ajabu kidogo: tao jembamba la mawingu madogo likikimbia kutoka kwenye mvua kuelekea nje, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa bwawani. Mvua inayonyesha ndani ya hewa kavu hupoza hewa hiyo, nayo huanguka kwa uzito na kusambaa juu ya bahari. Tao la namna hiyo likitokea, ongeza nusu siku kwenye makadirio yako kabla ya kutarajia dhoruba ijijenge tena.

Mwisho wa kupima ni upepo wenyewe. Chombo kiitwacho ASCAT, kilicho kwenye setilaiti za MetOp, hupima upepo wa juu ya maji kwa kusoma namna viwimbi vinavyorudisha mawimbi ya rada. Hupita eneo letu mnamo saa 3 na nusu asubuhi na saa 3 na nusu usiku, kikiacha pengo kubwa katikati ya njia yake. Dhoruba ikiangukia ndani ya pengo, huna la kufanya ila kungoja. Ikiangukia ndani ya njia, mishale yake itamaliza ubishi wote kuhusu kitovu kiko wapi na mzunguko umefunga au la.

Kulinganisha na taarifa rasmi

Mambo haya yote ni ya kukusaidia kuielewa taarifa, si ya kuishinda. Kituo chenye dhamana ya bahari iliyo kati ya longitudo 30 na 90 mashariki kiko kisiwani La Réunion na huendeshwa na Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa. Dhoruba ikifikia upepo wa noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa, hupewa jina, ambalo hutolewa na Madagaska ikiwa magharibi ya longitudo 55 na Mauritius ikiwa mashariki yake. Kimbunga kamili huanzia noti 64. Kumbuka kwamba La Réunion hupima kwa wastani wa dakika 10, na kituo cha jeshi la Marekani kwa wastani wa dakika moja, kwa hiyo namba za Wamarekani huwa kubwa zaidi kwa dhoruba ileile bila mmoja kuwa amekosea. Kwa pwani ya Tanzania soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na kwa mvua ya hapa nyumbani soma za mamlaka yetu ya taifa ya hali ya hewa. Fanya alama yako kwanza, ndipo ufungue taarifa, kwa sababu ukishaiona alama ya mtaalamu macho yako yataiona hata mahali isipokuwepo.

Dhoruba kuitwa dhaifu si sababu ya kuifumbia macho. Idai ya Machi 2019 iliingia Msumbiji mara ya kwanza ikiwa mgandamizo mdogo wa hewa tu, ikafika hadi Malawi, ikarudi baharini, ikaimarika na kutua karibu na Beira ikiwa kimbunga cha kuangamiza. Na kinyume chake pia hutokea. Jobo ya Aprili 2021 ilielekea pwani ya Tanzania ikiwa ndogo sana, ikanyauka kabla ya kufika. Hidaya ilitua kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024 ikiwa imepungua nguvu, wakati ambapo wengi walidhani msimu umekwisha kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza.

Mvua ya huku bara

Dhoruba inayopita mbali inaweza kutuletea mvua au kutunyima, kutegemea iko upande gani wa Madagaska. Ikiwa mashariki ya kisiwa hicho, huvuta upepo kutoka magharibi, na upepo huo huleta unyevu wa misitu ya Kongo juu ya Uganda na Kenya. Machi 2018 ilikuwa hivyo, Dumazile na Eliakim zikiwa mashariki ya Madagaska huku Afrika Mashariki ikipata mvua nyingi. Ikiwa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, mambo huelekea kugeuka, na mwaka 2019 mvua za masika zilichelewa wakati wa Idai. Si kanuni ya kila mara, lakini longitudo uliyoiandika kwenye daftari lako ina maana hata kwa asiye na kontena baharini. Ikivuka kutoka 52 kwenda 48, tazama kwenye picha za mvuke kama unyevu unaotoka Kongo umeishia mpakani Bwera au umeivuka milima ya Rwenzori.

Acha kufuatilia pale mzunguko wa chini unapokaa saa 24 bila wingu la mvua juu yake, au unapoingia nchi kavu na mawingu madogo kupoteza mwelekeo. Andika alama ya mwisho na saa yake, kisha uuache ukurasa unaofuata wazi, kwa sababu mabaki yaliyorudi baharini hufuatiliwa kwenye daftari lilelile na kwa kipimo kilekile.